Ulezi wa mtoto wa marehemu dada: naweza kwenda Mahakama Kuu bila wakili?

Swali lililonifikia, kwa ufupi: Msomaji anaishi Arua, Uganda. Dada yake alifariki miaka minne iliyopita na kumwachia binti ambaye sasa ana miaka 13. Baba wa mtoto alivuka kwenda Congo binti akiwa mchanga na hajasikika tena. Madaktari wamekuta tundu kwenye moyo wa mtoto na wamependekeza apelekwe India. Ofisi ya pasipoti imemwambia alete amri ya mahakama ya ulezi. Wakili aliyemwendea ametaja ada asiyoiweza. Kaka yao anataka kiwanja cha marehemu kiuzwe ili fedha za safari zipatikane. Anauliza: je, naweza kuomba mwenyewe? Na nikishapewa ulezi, naweza kuuza kiwanja?

Dada yangu, pole kwa msiba na pole kwa ugonjwa wa mtoto. Ndiyo, unaweza kuomba mwenyewe. Kuhusu kiwanja, hapana: amri ya ulezi peke yake haikupi ruhusa ya kukiuza, na ukiyachanganya mambo hayo mawili katika ombi moja unaweza kuchelewesha pasipoti ambayo mtoto anaihitaji sasa. Nitaanza na ulezi.

Kanuni za mwenendo wa madai za Uganda, Amri ya 3, zinamruhusu mhusika kufika mahakamani yeye mwenyewe, kupitia wakala anayetambuliwa, au kupitia wakili. Masjala haiwezi kukataa faili lako kwa kuwa halina jina la wakili. Tena katika maombi ya namna hii kinachomshawishi Jaji ni habari za mtoto: analala wapi, nani anamlipia dawa, ndugu zake wanasema nini. Habari hizo unazo wewe. Hata ungelipa wakili, angekutuma wewe huyohuyo kwa mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji), kwa afisa probesheni wa wilaya anayeshughulikia ustawi wa watoto, na kwa wazee wa ukoo.

Kwa kawaida mtu akiniuliza juu ya ulezi, humuuliza kwanza anaihitaji karatasi hiyo kwa ajili ya nini. Wengi wanaolea watoto wa ndugu hawahitaji Mahakama Kuu. Sheria ya Watoto inasema wazazi wakifariki, wajibu wa uzazi unaweza kupita kwa ndugu wa upande wowote. Pia tangu marekebisho ya mwaka 2016 sheria inatambua ulezi wa kimila, ambapo ukoo unakaa na kumteua mlezi, kwa mfano wazazi wote wawili wakiwa wamefariki au hawapatikani. Kwa shule na kliniki, barua ya LC1 na maandishi ya kikao cha ukoo kwa kawaida hutosha. Ugomvi wa nani akae na mtoto huanzia kwenye mahakama ya familia na watoto, mbele ya hakimu, na huko mambo huendeshwa bila urasmi mwingi. Lakini wewe unataka pasipoti kwa mtoto ambaye si wa kumzaa, na ofisi imedai amri. Kwa hiyo njia yako ni Mahakama Kuu, na bahati njema hiyo mahakama ipo Arua; huna haja ya kwenda Kampala.

Kuna jambo la nyuma ambalo litakusaidia kuelewa ukali wa Jaji. Kabla ya 2016, wageni wengi, hasa kutoka Marekani, waliomba ulezi hapa Uganda, wakamchukua mtoto kwa amri hiyo, kisha wakamuasili, yaani wakamfanya mtoto wao kisheria, wakifika kwao. Hivyo waliruka masharti ya kuasili ya Uganda. Watoto wenye ndugu walio hai waliondoka kama yatima. Bunge likafunga mlango huo: leo raia wa Uganda pekee ndiye anaweza kuomba ulezi wa kisheria. Ombi lako litakuwa na maneno “kumtoa mtoto nchini” ndani yake, na maneno hayo yatamfanya Jaji asome kila ukurasa. Usiyafiche. Weka wazi tangu aya za mwanzo kwamba mtoto anakwenda kutibiwa na atarudi, na ambatisha barua ya daktari, barua ya hospitali inayompokea ikiwa ipo, na maelezo ya nani atasafiri naye. (Kama msomaji mwingine si raia, kwa mfano mkimbizi kutoka Congo anayelea mtoto wa ndugu, njia hii haimhusu, aanze kwa maafisa wa ulinzi wa mtoto kambini na ofisi ya Waziri Mkuu inayosimamia wakimbizi.)

Sasa masharti yenyewe. Jaji lazima aridhike kwamba hakuna ndugu wengine wanaojulikana, au kwamba wapo lakini hawawezi au hawataki kumchukua mtoto. Kwamba njia nyingine za malezi zimeangaliwa. Na kwamba mwombaji hana rekodi ya jinai na amependekezwa na afisa probesheni na ustawi wa jamii. Mtoto akiwa na miaka 12 au zaidi, ridhaa yake inatakiwa. Na kama kuna malipo yoyote yaliyofanyika kwa ajili ya ulezi, mahakama lazima iyajue na kuyakubali. Juu ya yote hayo kuna kanuni ambayo Jaji hawezi kuivuka: ustawi wa mtoto ndio wa kwanza.

Wewe ni mama yake mdogo, damu moja, umekaa naye miaka minne. Hiyo ni nguvu yako kubwa. Tatizo lako ni baba.

Mtu aliyeondoka si marehemu. Mbele ya sheria baba huyo bado ana wajibu na haki juu ya binti, na Jaji hatatoa amri mpaka aone kwamba ametafutwa kwa dhati. “Hatujamsikia” haitoshi. Nenda kwa ndugu zake wa ukoo wowote mnaowajua, hata kama wako mbali, waulize, na mmoja wao aape hati ya kiapo akieleza mara ya mwisho walipomwona na kwamba hawapingi wewe kumlea mtoto. Kiapo kutoka upande wa baba kina uzito kuliko viapo vitano vya upande wenu, kwa sababu wao ndio wangeweza kukudai mtoto. Chukua barua ya LC1 wa mahali alipoishi mwisho. Ripoti polisi kwamba hajulikani alipo, uchukue namba ya ripoti. Kama ipo simu aliyokuwa akiitumia, eleza kwamba mliipiga na kilichotokea. Jaji anaweza pia kuagiza tangazo litolewe gazetini au redioni kabla ya kusikiliza. Uwe na akiba kidogo kwa hilo. Na kama baba akipatikana, usihuzunike: ridhaa yake iliyoapwa itafupisha kesi yako kuliko kitu kingine chochote.

Baada ya hapo, itisha kikao cha familia. Waje wa upande wa mama na, ikiwezekana, wa upande wa baba. Andikeni muhtasari wenye tarehe, majina na saini za waliohudhuria, unaosema wazi kwamba wamekuteua wewe na kwa sababu gani, kisha LC1 augonge muhuri. Kaka yenu naye aseme msimamo wake humo. Mkigombana juu ya kiwanja, mgombane hapo, kabla ya ombi kufika mahakamani.

Mapema iwezekanavyo nenda wilayani kwa afisa probesheni. Ripoti yake ndiyo hati ambayo majaji wengi husoma kwanza. Atakuja nyumbani, ataona kitanda cha mtoto, atazungumza na majirani, na pia na mtoto peke yake, atauliza kipato chako. Usijaribu kujionyesha tajiri. Anapima kama mtoto yuko salama na anapendwa, na kama unaweza kumtunza kwa kadiri ya maisha ya kawaida ya hapo mnapoishi. Akikuta mgonjwa wa moyo mwenye daftari la kliniki lililojaa tarehe, amekwisha kuona jibu. Ofisi hizo zina watu wachache na usafiri wa shida, kwa hiyo fuatilia kwa adabu na kwa kurudia. Barua ya daktari inayoonyesha haraka impe yeye pia, isibaki kwenye faili la mahakama tu.

Vyeti navyo: cheti cha kuzaliwa cha mtoto na cha kifo cha mama yake, vyote kutoka NIRA, mamlaka ya taifa ya utambulisho na usajili. Kama kifo hakikusajiliwa wakati ule, kinaweza kusajiliwa kwa kuchelewa. Anza hilo leo kwa sababu bila cheti hicho maelezo yako yote yanabaki hadithi. Weka kitambulisho chako cha taifa, barua ya LC1 wa kwako, picha zako na mtoto, barua ya shule, na cheti cha tabia njema kinachotolewa na polisi kupitia ofisi ya Interpol.

Ombi lenyewe huwa fupi: nani anaomba, juu ya mtoto gani, anaomba amri gani, kwa sababu zipi. Uzito wote uko katika hati za kiapo zinazoliunga mkono. Yako ndiyo ndefu kuliko zote, na aya zake ziwe na namba. Kila aya ibebe jambo moja unalolijua wewe mwenyewe, si la kusikia. Ukisema kitu kilichothibitishwa na karatasi, taja kiambatisho: A, B, C. Mume wako, kama umeolewa, aape kwamba amekubali mtoto kuwa nyumbani kwake. Ndugu wa baba aape. Mtoto aandike barua kwa mkono wake. Ana miaka 13, na maneno yake mwenyewe yenye makosa ya tahajia yana thamani kuliko barua nzuri iliyoandikwa na mtu mzima. Viapo vyote viapwe mbele ya kamishna wa viapo, ambaye atasaini na kugonga muhuri pia kwenye viambatisho.

Hapa wasemaji wa Kiswahili huumia mara nyingi, kwa hiyo soma kwa makini. Lugha ya mahakama za Uganda ni Kiingereza na hati lazima ziwe za Kiingereza. Kama wewe, au mzee wa ukoo anayekuapia, hamwezi kusoma Kiingereza, sheria ya kuwalinda wasiojua kusoma inamtaka aliyeandika hati aweke jina lake kamili na anwani yake mwishoni, na aeleze kwamba aliisoma hati kwa mwapaji kwa lugha anayoielewa, naye akaonekana kuielewa. Hati isiyo na maneno hayo inaweza kutupwa, hata kama kila neno ndani yake ni kweli. Usimkubali mtu aliyekuandikia akwambie halina haja. Kikao kikifika, omba mkalimani wa Kiswahili mapema kwa karani wa Jaji. Ni haki yako.

Jihadhari pia na violezo vinavyouzwa karibu na mahakama. Sheria za Uganda zilipangwa upya katika toleo la mwaka 2023, na namba za vifungu zimehama. Kiolezo cha zamani kitataja kifungu ambacho sasa kinahusu jambo jingine. Na mtu asiye wakili anayekuandikia hati za mahakama kwa malipo anavunja Sheria ya Mawakili; siku faili likipata shida hutamwona.

Katika mahakama ambako umekwisha kufika, kufungua faili siku hizi hupitia mfumo wa kielektroniki uitwao ECCMIS, ulioanza mwaka 2022. Usiogope. Nenda masjala ukiwa na hati zako zilizoapwa, zote zimeskaniwa vizuri kwenye flashi, uombe dawati la msaada likuonyeshe namna ya kufungua akaunti kama mhusika asiye na wakili. Mfumo utakupa namba ya malipo, ulipe ada ya serikali benki au kwa simu. Ada hizo ni ndogo sana ukilinganisha na ada ya wakili. Usimpe mtu yeyote fedha mkononi mle ndani, hata akisema ni ya kuharakisha. Kuharakisha kuna njia yake halali: hati ya dharura, pamoja na kiapo kifupi kinachoeleza kwa nini jambo haliwezi kusubiri. Ambatisha barua ya daktari yenye tarehe. Kwa mtoto mwenye tundu la moyo, hiyo ndiyo karatasi ya kutangulia.

Siku ya kusikilizwa, Jaji huketi ofisini kwake au katika chumba kilichofungwa, si mbele ya umati. Njoo na mtoto, njoo na hati halisi, na wale walioapa wawe karibu. Jaji anaweza kumuuliza mtoto peke yake. Usimfundishe majibu. Mwambie tu aseme kweli, na kwamba hakuna jibu litakalomkasirisha mtu. Wewe nawe utaulizwa: nani analipa matibabu, mkimaliza mtarudi lini, itakuwaje baba akitokea. Jibu kwa kifupi. Kama hujui, sema hujui.

Wapo watakaokushauri uende kwa kadhi. Katiba ya 1995, ibara ya 129, inataja mahakama za makadhi kwa ndoa, talaka, mirathi na ulezi, kadiri Bunge litakavyoweka kwa sheria. Maandishi ya kadhi au ya msikiti ni ushahidi mzuri wa kwamba jamii inakutambua, yaambatishe. Hayachukui nafasi ya amri ambayo ofisi ya pasipoti imekuomba.

Sasa kiwanja. Amri ya ulezi inakupa jukumu juu ya mtoto na juu ya kutunza kilicho chake. Haikufanyi wewe mwenye mali. Zaidi ya hayo, kiwanja bado ni cha marehemu. Hata mtoto hajakirithi kwa maandishi. Kuna mlango mwingine kabisa: kuripoti kifo kwa ofisi ya Msimamizi Mkuu wa Mirathi, iliyo chini ya Wizara ya Sheria, kupata cheti cha kutokuwa na pingamizi, kisha kuomba mahakamani barua za usimamizi, yaani hati inayompa mtu mamlaka juu ya mali ya marehemu. Msimamizi aliyeteuliwa ndiye anayegawa. Sheria ya Mirathi ilivyorekebishwa mwaka 2022 inawapa watoto wa marehemu asiyeacha wosia asilimia 75 pale ambapo kuna mwenza, wategemezi na mrithi wa kimila pia, kwa hiyo hata kama kaka yenu anadhani ukoo utagawana sawa, hesabu hiyo haina msingi. Anayeuza mali ya marehemu bila mamlaka hayo anatenda kosa la jinai, na mnunuzi wake hana kitu.

Najua kwa nini wazo hilo limekuja. Fedha za India ni nyingi na kiwanja kipo. Lakini majaji wa familia wameona maombi mengi ya ulezi ambayo ndani yake kuna ardhi inayotafutiwa mnunuzi, hata wazazi wakiomba ulezi wa watoto wao wa kuzaa ili wauze kiwanja kilichoandikwa kwa jina la mtoto. Jaji akiona mauzo katika ombi lako atasimama hapo na kuuliza bei, mnunuzi, thamani, na mtoto atabaki na nini. Kwa hiyo peleka ombi la ulezi likiwa safi: matibabu na pasipoti. Mirathi ianze sambamba, kwa faili lake. Ikifika kwamba kiwanja hakina budi kuuzwa ili mtoto apone, omba ruhusa ya mahakama wakati huo, ukiwa na makadirio ya hospitali na ripoti ya mthamini, na fedha ziingie akaunti ambayo matumizi yake yanaweza kuonyeshwa. Mahakama inaweza kukubali mali ya mtoto itumike kwa uhai wa mtoto. Haitakubali itumike gizani.

Kuna hali moja ambayo nisingekushauri uende peke yako: mtu akipinga. Kama baba akitokea na kukataa, au ndugu zake wakaleta viapo dhidi yako, jambo hilo linahitaji mtu anayejua kuhoji mashahidi. Hata hapo huhitaji kulipa. FIDA Uganda (chama cha mawakili wanawake), mradi wa msaada wa kisheria wa Chama cha Mawakili wa Uganda, na Justice Centres Uganda huwasaidia wasio na uwezo bila malipo. Uliza masjala ni wapi walio karibu zaidi nawe. Hata bila pingamizi, waombe wakukagulie hati zako kabla ya kuapa. Nusu saa ya macho ya wakili kwenye viapo vyako inaweza kukuokoa miezi. Na kama yeyote akimtisha mtoto au akitaka kumchukua kwa nguvu wakati faili linaendelea, piga 116, namba ya bure ya Sauti inayoshughulikia watoto.

Ukipewa amri, hukumu iliyosomwa bado siyo karatasi ya kupeleka kwenye pasipoti. Lazima amri yenyewe iandikwe, isainiwe na msajili na kugongwa muhuri wa mahakama. Omba nakala kadhaa zilizothibitishwa, kwa sababu pasipoti, viza ya India na hospitali kila mmoja atataka yake. Soma masharti yaliyomo: Jaji anaweza kukutaka umrudishe mtoto kwa afisa probesheni baada ya matibabu au upeleke taarifa mahakamani kwa tarehe fulani. Tarehe hiyo iandike mahali utakapoiona. Amri itadumu mpaka binti atimize miaka 18, isipokuwa mahakama iibadilishe kabla ya hapo.